Anti, kila nikiinua mguu mmoja nayumba kama mnazi kwenye kusi

Anti shikamoo,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa mwaka na nusu, nina miaka 29, fundi cherehani huku Mtwara mjini, Magomeni, ila kwetu kabisa ni Newala. Naomba usinicheke, wa kunicheka ninao wa kutosha humu ndani.

Iko hivi. Mwezi wa tatu alikuja kibandani kwangu dada mmoja mgeni, mumewe yuko kwenye mambo ya gesi, akaniletea neti nyeupe nimshonee sketi saba zile zinazosimama pembeni kama mwavuli, kumbe anafundisha watoto baleti kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi mmoja Shangani. Nikaenda kuwapima watoto, nikakaa pembeni nasubiri wamalize, basi Anti sikuondoka. Kuna katoto ka darasa la tatu kanasimama kwa mguu mmoja, mkono juu, kametulia utadhani kamechorwa ukutani, mi mate yamenikauka. Ticha akaniona nimeduwaa akaniambia wiki ijayo njoo na wewe, watu wazima nao wanajifunza. Nikaenda. Sasa ni mwezi wa tano naenda na sijui kama simpotezei tu muda wake.

Shida yangu ya kwanza ni balansi. Nikishika lile bomba la ukutani mambo si mabaya, nakunja magoti nakunjua, najiona na mimi nimo. Akisema achieni tu, basi, kifundo kinaanza kutetemeka, vidole vinakamata sakafu kama kuku juu ya kamba ya kuanikia, mikono inaruka huku na huku, naishia kuudondosha mguu puu! Watoto wanacheka. Sio kwa ubaya, ila wanacheka. Na mguu wa kushoto ndo janga kabisa, huo sekunde tatu haufiki. Ticha mwenyewe Kiswahili chake cha kuungaunga, anachojua ni kuniambia "juu, juu, nenda juu", na mimi nishafika juu, niende wapi tena? Halafu maneno yao ni ya Kifaransa, sijui plie, sijui releve, sijui tandu, siku ya kwanza nilidhani anaita majina ya watoto.

La pili ni mwondoko. Kucheza najua Anti, mi ni Mmakonde, sindimba nimeanza kuicheza sijang'oa meno ya utoto. Lakini ticha alinirekodi kwenye simu akanionyesha, loh, niko kama mgambo kwenye gwaride. Kila stepu moja moja naipatia, nikianza kuziunga ndo vituko.

La tatu nimelificha, hata mume wangu hajui, yeye yuko Tandahimba anapulizia mikorosho. Nilikuwa natafuta satini kwenye mitumba nikakutana na vile viatu vya kusimamia ncha za vidole, pinki iliyofifia, na ribini zake, muuzaji anasema ni vya bibi harusi, nikamlalia mpaka elfu nane. Nikasema labda kinachonikwamisha ni viatu. Usiku mtoto amelala nikavivaa, nikashika kichwa cha kitanda, nikapanda. Nilisimama Anti, wallahi nilisimama, labda sekunde mbili, halafu kifundo cha kushoto kikapinda kwa nje nikasikia kitu kimelia, nikakaa chini. Kilivimba kama andazi. Nikakikanda na maji ya chumvi, watu nikawaambia nimejikwaa kwenye mtaro. Sasa ni wiki tatu, uvimbe umeisha ila kinanichoma nikishuka ngazi, na kuusimamia mguu huo imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

Mwezi wa kumi na mbili ticha anataka kufanya onesho dogo kwa wazazi na mimi kanipa nafasi, nisimame mguu mmoja katikati, peke yangu, hesabu nane. Hesabu nane! Na huku nyumbani kuna wifi yangu tunaishi naye, kila Jumamosi lazima atie neno, "mwali huyoo anaenda kuchezwa", eti mtu mzima na mtoto wake unarukaruka na vitoto vya watu, na hizo leginsi. Niache sasa hivi kwa heshima au nijipe moyo mpaka Desemba nikaaibike? Na hivi hii balansi mtu anajifunza au anazaliwa nayo?

Ni mimi,
Korongo wa Magomeni

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, nisamehe, ni huyo muuza mitumba na bibi harusi wake, mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo acha nianze na hasira ili ziishe.

Hivyo viatu usivivae tena. Mimi nilicheza baleti miaka minne nilipokuwa naishi Nairobi, sikufika popote pa kutajwa, lakini hilo la viatu nililiona kwa macho. Ile pua ngumu ya mbele ni vitambaa na karatasi tabaka kwa tabaka zimegandishwa na gundi, na chini ya unyayo kuna kiubao chembamba kinachobeba upinde wa mguu. Joto na jasho vinavilainisha, kila siku kidogo kidogo, mpaka vinashika umbo la mguu wa mwenyewe halafu vinakufa. Wachezaji wakubwa wanaweza kuua jozi nzima kwa onesho la usiku mmoja. Sasa wewe umenunua viatu ambavyo mwenyewe kule alikotoka kavitupa kwa sababu havimshiki tena, vina umbo la vidole vyake, na ukapanda juu yake usiku, ukiwa umeshika kichwa cha kitanda. Hata watoto wanaoanza na miaka sita hawapewi viatu hivyo mpaka wafike kama miaka kumi na moja, kumi na mbili, na wawe wameshapitia miaka kadhaa ya mazoezi, na ni ticha anayeangalia vifundo na mgongo ndo anasema sasa vaa. Yule Marie Taglioni aliyesifika Paris mwaka 1832 kwa kucheza juu ya vidole hakuwa hata na hiyo pua ngumu, alivaa satini laini iliyoshonwashonwa nyuzi mbele na pembeni, maana yake kilichomsimamisha ni mguu wenyewe. Miezi mitano mwanangu. Haya, hasira zimeisha.

Kifundo. Siku ile kama ulishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza lile fupa lenyewe pembeni ya kifundo unaruka kwa maumivu, ilikuwa ni ya kwenda kupiga eksirei siku hiyo hiyo. Umekaa wiki tatu na bado kinachoma kwenye ngazi, kwa hiyo nenda hospitali ya Ligula ukaonwe, na uwaambie ukweli, mtaro hauhusiki. Kukanda na chumvi hakuna ubaya ila hakukuambii kilichochanika ni nini.

Na nataka ujue kwa nini balansi ya kushoto imezidi kuwa mbaya, maana naona umeanza kujilaumu bure. Mwili unajuaje kama umesimama wima? Una wapelelezi watatu. Macho ni mmoja. Wa pili yuko ndani kabisa ya sikio, vimfereji vitatu kila upande vyenye majimaji, kichwa kikienda yale maji yanasogea, ubongo unajua (ndo maana ukizunguka halafu ukasimama dunia bado inaenda, maji hayajatulia). Wa tatu ni miguu yenyewe, ndani ya misuli na zile kano za kifundo kuna vihisio vinavyopeleka habari kila wakati, sasa tumeegemea nje, sasa tumerudi ndani. Kifundo kikiteguka, huyu wa tatu naye anaumia. Maumivu yanaweza kuisha na yeye bado anapeleka habari zimechelewa. Dawa yake, cha kuchekesha, ni hilo hilo zoezi linalokutesa, kusimama mguu mmoja, ila unyayo wote chini, pole pole, baada ya fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kukwambia sawa. Mpaka hapo hakuna kupanda kwenye vidole, na Jumamosi hii mwambie ticha ukweli, mimi nadhani hata yeye anashangaa mwezi huu umekuwaje.

Sasa swali lako la kuzaliwa nayo. Huyo mwanao wa mwaka na nusu, alizaliwa anasimama? Si ulimuona mwenyewe, anashika stuli, anaachia, anakaa chini, anashika tena. Hakuna aliyemwambia acha kwa heshima.

Lakini kuna kitu naona kwenye barua yako, na hiki ndo nilichokaa kukuandikia. Wewe unadhani yule mtoto wa darasa la tatu ametulia. Hajatulia! Msogelee siku moja uangalie kifundo chake, kinacheza muda wote, kidogo huku kidogo kule, ila mitikisiko yenyewe ni midogo sana na inawahi, kwa mbali huioni. Wewe unataka ugande, unakaza goti, unakaza vidole, unabana pumzi, halafu mwili uliogandishwa hauna pa kurekebishia mpaka umeinama sana, na hapo inabidi urekebishe kwa mikono na mabega na kila kitu. Umewahi kuvuka kwenda Msanga Mkuu na chombo kidogo? Anayesimama amekaza miguu ndo wimbi la kwanza linampeleka juu ya magunia ya watu. Baharia kasimama tu anapiga stori, magoti yake yanacheza na yeye wala hajui kama yanacheza. Kwa hiyo kifundo kikianza kutetemeka usishtuke, kinafanya kazi yake hicho, kiachie kifanye.

Tuje kwenye ile "juu, juu". Ticha wako yuko sahihi ila amekosa maneno, na maneno unayo wewe. Si umesema kwenu Newala? Basi wewe ni mtoto wa watu waliokuwa wanashuka bondeni kufuata maji na kupandisha nayo mlima, sitaki kuamini hujabeba ndoo. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini juu ya utosi, njia ya mawe, na humwagi. Kumbuka ulikuwa unafanyaje. Kata kichwani, shingo inakuwa ndefu yenyewe, kidevu hakiko juu wala chini, macho yako mbele huko njiani, hayako kwenye vidole vya miguu, mabega yameshuka, na kuanzia kiunoni kwenda chini ndo kila kitu kinacheza kufuata njia. Unaisukuma ndoo juu kwa utosi na huku unaikanyaga ardhi. Hiyo ndo "juu" anayoitaka, hana haja upande zaidi ya ulipofika, anataka urefuke. Siku ukiachia bomba, weka ndoo ya kufikirika kichwani uone. Ukitaka weka hata kitabu, ila ndoo unaijua zaidi.

Na hayo macho ni muhimu kuliko unavyofikiri. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo tano, ukiinamisha kuangalia mguu umehamisha kilo tano mbele ya unyayo mmoja mwembamba, lazima ufuate. Wewe kazi yako ni kuinama kwenye sindano kutwa nzima, kwa hiyo kichwa chako kimezoea kukaa mbele ya mabega, hujui tena kama kiko mbele. Jipime kama fundi. Funga mkasi kwenye uzi, uning'inize dirishani, simama ubavu nyuma ya uzi, mtu akupige picha. Uzi unatakiwa upite sikioni, begani, kwenye nyonga, ushuke mbele kidogo ya kifundo. Nakuhakikishia sikio lako litakuwa limeutangulia uzi, langu lilitangulia kwa vidole vitatu.

Mguu wa kushoto sasa. Mbali na kifundo, nakisia tu, unatumia mkono wa kulia, si ndiyo? Basi mtoto unambeba kiunoni kushoto ili kulia kubaki huru kwa chungu na simu. Ukimbeba hivyo unausukuma ule upande nje na kumkalisha juu ya fupa, uzito unalala kwenye kiungo, misuli ya ubavu wa nyonga inapumzika haina kazi. Ukienda darasani ukasimamia kushoto, nyonga inafanya kile kile ilichozoea, inatoka nje inakaa, na wewe unaifuata. Ticha anaona, labda hajui kukwambia. Chukulia una bakuli la mchuzi ndani ya nyonga, ukiinua mguu mmoja mchuzi usimwagike upande. Halafu mtoto muanze kumhamisha, leo kulia kesho kushoto, atalia siku mbili atazoea.

Zoezi lenyewe ni la kijinga kwa urahisi. Shika nondo ya dirisha, kiuno kinapofika panatosha, miguu pekupeku, na kama una vigae usivae soksi utateleza. Sikia unyayo wako umegusa chini sehemu tatu, chini ya dole gumba, chini ya kidole cha mwisho, na kisigino. Vidole virefu, visikunjwe. Mguu wa pili uinue kidogo tu, ncha yake iguse kifundo cha mwenzake, usikimbilie gotini. Mkono kwenye nondo ulegeze mpaka vinabaki vidole viwili, kimoja, halafu hakuna. Pumua, ukibana pumzi mabega yanapanda na wewe unapanda nayo vibaya. Na hapa kuna kitu nilikipata nimechelewa sana: shusha mguu kabla haujadondoka. Kama unaweza sekunde tano shusha ya nne, taratibu, kwa kupenda kwako. Mimi mwaka mzima kila nilipojaribu nilimalizia kwa kuanguka, mwili ukazoea kwamba mwisho wa kusimama ni kuanguka. Fanya asubuhi unapiga mswaki, kila mguu nusu dakika kwa vipande vipande, ukizoea fumba macho (hapo utaona umerudi mwanzo kabisa, ni kawaida, umemfukuza mpelelezi mmoja). Mchanga wa Shangani maji yakiwa yamekupwa ni mzuri sana, ila huo subiri kifundo kipone.

Ruhusa ya kupanda vidole ikija, uzito uupitishe kati ya dole gumba na kidole cha pili. Kifundo kinapinda kwa nje pale mtu anapoegemea vile vidole vidogo. Na miguu kufunguka kwa nje kama bata, ambayo najua unalazimisha kwa sababu watoto wanafungua sana, hiyo inatoka kwenye nyonga, ishia pale nyonga yako inapoishia, ukimalizia kwa kupinda unyayo goti ndo litalipa.

Hayo maneno ya Kifaransa usiyaogope, ni hadithi ya ikulu tu. Baleti ilianzia kwa watawala wa Italia ikahamia Ufaransa, mfalme Louis wa 14 alikuwa mchezaji mwenyewe, mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kucheza, na mwalimu wake Pierre Beauchamp ndo anatajwa kupanga zile namna tano za kuweka miguu mnazozifanya mpaka leo. Angekuwa sultani wa Kilwa leo tungekuwa tunasema kwa Kiswahili. Plie ni kukunjwa, releve ni kuinuliwa, tandu ni kunyooshwa. Basi.

Na plie nakuomba uiheshimu kwa sababu wewe una mali hapo ambayo wale watoto hawana. Sindimba yote iko kwenye goti lililokunjwa, uzito chini, nyonga iko huru. Nimeona watu wazima wa kizungu miaka miwili wanafundishwa kukunja goti bila kukakamaa. Wewe ukienda baleti unaliacha goti lako mlangoni na viatu, unaingia umenyooka kama mti. Ingia nalo. Mgongo ndo ubadilike, kule sindimba unainama, huku unabaki na ndoo kichwani, goti ni lile lile. Tena usiseme Wamakonde na kusimama juu ni vitu mbali mbali, wale wacheza ngongoti umewaona, mtu yuko juu ya miti mirefu kuliko mlango, anacheza na ngoma, ana kiatu gani yule?

Mwondoko sasa, ule wa mgambo. Umeandika mwenyewe, stepu moja moja unaipatia, ukiziunga ndo vituko, na wewe ni fundi. Gauni linaharibikia wapi? Kitambaa ni kizuri, kipande cha mbele kimekatwa vizuri, mkono umekatwa vizuri, mteja akivaa bega limejikunja kwa sababu pale pa kuungia uliharakisha. Baleti iko hivyo hivyo. Wewe unakimbilia pozi, ukifika unasimama tii, halafu unakimbilia lingine, na video inaonyesha zile mbio za katikati. Jaribu kuigeuza, pozi lenyewe usilijali, wewe jali njia. Chukua tandu, mguu unateleza mbele kisigino kikitangulia, unyayo unainuka kipande kwa kipande mpaka zinabaki ncha za vidole, halafu unarudi njia ile ile, vidole, mto wa unyayo, kisigino, kama mtu anarudi nyumbani hataki kuamsha watu. Fanya kwa hesabu nne kwenda nne kurudi. Weka taarabu ya zamani ile ya taratibu yenye fidla nyingi, sio hizi za sasa, na usifike kabla ya hesabu ya nne hata kama mguu umechoka kusubiri.

Mikono vile vile. Inaanzia mgongoni, chini ya bega huko, kiwiko kinafuata, kiganja cha mwisho. Wako unaanza na kiganja, naapa bila kuona video. Ukiweka mikono mbele, iweke kama umekumbatia ungo mkubwa wa mchele, viwiko visidondoke maana mchele utamwagika, na vidole vilegee, usivibane kama umeshika sindano. Najua ni ngumu kwako kuliko kwa wengine, vidole vyako vimeshika sindano miaka yote hii.

Kuhusu umri sina mengi. Misty Copeland wa Marekani alianza ana miaka 13 watu wakamwambia umechelewa, mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu kwenye kundi la American Ballet Theatre. Wewe hutafika huko na hakuna anayekutaka ufike huko. Unataka hesabu nane.

Basi tuzihesabu. Muziki wenye mapigo sitini kwa dakika, hesabu nane ni sekunde nane. Ukienda kasi kidogo ni sita. Muulize ticha wimbo upi, mwombe usimame unyayo wote chini na ncha ya mguu wa pili kifundoni, na mwambie utasimamia kulia. Wazazi wa Mtwara hawatajua kama ilitakiwa ipande juu zaidi, na ticha mwenye akili atakubali, mwezi wa kumi na mbili bado uko mbali. Ukikubali hivyo sioni cha kukuaibisha. Hata ukitikisika, shusha mguu kwa adabu kwenye hesabu ya sita, zile mbili zilizobaki malizia kwa mikono, watadhani ndo ilivyopangwa. Usiache.

Leginsi, ticha anahitaji kuona goti na nyonga vinaelekea wapi, kwa hiyo ya kubana ni sawa, juu yake vaa sketi nyepesi ya kufika mapajani, wewe si unashona, na mtandio ufungwe nyuma usining'inie. Mume akirudi kutoka Tandahimba muonyeshe mwenyewe kabla hajahadithiwa. Na la viatu mwambie vile vile, elfu nane sio siri ya kufa nayo, satini yake ikate ushonee watoto vibanio vya nywele vya onesho.

Wifi yako mwache aseme, ila Jumamosi hii akianza, muombe kwa upole asimame mguu mmoja pale barazani, afumbe macho, ahesabu mpaka kumi na tano. Mtoto umshike wewe. Upande wa kulia.